Shilingi ya Kenya na ya Tanzania: Jinsi Zilivyoachana

Leo hii mtu akivuka mpaka wa Namanga, shilingi moja ya Kenya humpatia shilingi 19 au 20 za Tanzania, ikitegemea siku na anayebadilisha. Waliozaliwa katika miaka arobaini iliyopita hawajui hali nyingine, na wengi hudhani kwamba tofauti hiyo ni ya tangu zamani. Sivyo. Fedha hizi mbili zilianza zikiwa sawasawa, na kwa karibu miaka ishirini, kwenye vitabu vya benki, hazikuachana sana.

Chanzo chake ni Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuendeshwa kutoka London. Bodi hiyo iliondoa rupia ya Kihindi, ikajaribu florini kwa muda mfupi, kisha ikaleta shilingi, ambazo 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Shilingi hiyo ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikaongezeka mwaka 1936. Bodi haikuwa benki kuu. Ilitoa noti kwa kadiri ya pauni ilizopokea, na uwezo wake wa kuzikopesha serikali kwa kuchapa fedha ulikuwa mdogo sana.

Uhuru ulipokuja, upungufu huo ukawa mzito. Serikali mpya zilitaka kujenga viwanda, barabara na shule, na kila moja ilikuwa na mpango wake. Mazungumzo ya kuwa na benki kuu moja ya pamoja yalishindikana, na mwezi Juni 1965 mawaziri wa fedha wakatangaza kwamba kila nchi itakuwa na benki yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966 chini ya gavana Edwin Mtei, na ya Kenya ikafuata mwaka huohuo. Fedha mpya zilitolewa shilingi moja kwa moja ya zamani, na zote zikabadilishwa dola moja kwa shilingi 7 na senti 14. Pauni iliposhushwa thamani Novemba 1967, nchi zetu hazikuifuata, na msimamo huo wa pamoja uliwapa watu imani kwamba udugu wa shilingi ungedumu.

Ila sera zilikuwa zimeshaanza kwenda njia mbalimbali. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka mabenki na viwanda vikubwa mikononi mwa serikali, huku Kenya ikiacha nafasi pana zaidi kwa mtaji binafsi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 udhibiti wa fedha za kigeni uliwekwa hata baina ya majirani wenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Kuhusu sababu ya shilingi hizi kuachana, wanahistoria hutofautiana. Wako wanaosema kwamba shilingi ya Tanzania iliangushwa na siasa ya Ujamaa: mashirika ya umma yaliyopata hasara, na mkulima aliyelipwa bei ndogo mno hata akakosa sababu ya kulima mazao ya kuuza nje. Wengine wanataja mapigo yaliyotoka nje, yaani bei ya mafuta iliyopanda ghafla, tena mara mbili, katika miaka ya 1970, kahawa iliyoshuka bei baada ya neema ya 1976 na 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Maelezo yote mawili yana uzito, lakini hakuna linalotosha peke yake. Mafuta yaliipiga Kenya pia. Kilichotofautisha nchi hizi ni namna kila moja ilivyolipokea pigo. Kenya iliishusha shilingi yake kidogo kidogo, hadi kufikia takriban 16 kwa dola mwaka 1985. Tanzania ilijizuia kwa muda mrefu kuishusha yake kwa kiwango ambacho hali ilihitaji. Mtei, aliyekuwa sasa waziri wa fedha, alijiuzulu mwishoni mwa 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

Bei rasmi ikawa haifanani tena na hali halisi. Mwishoni mwa 1985 benki zilihesabu shilingi hizi mbili kuwa karibu sawa, kila moja ikiwa 16 na senti kadhaa kwa dola. Sasa mfikirie mkulima wa Rombo, Tanzania, aliyeuza maharage yake ng'ambo ya mpaka wa Tarakea akalipwa fedha za Kenya. Kisheria alipaswa kuzipeleka benki, apewe shilingi moja na senti kidogo kwa kila moja. Walanguzi walimpa mara kadhaa ya hizo. Na kama hakutaka hata kubadilisha, aliweza kununua palepale sabuni, sukari na mafuta ya kupikia, bidhaa zilizoadimika madukani kwao. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iliwakamata wengi, lakini magendo hayakuisha, kwa kuwa bei yenyewe ndiyo iliyoyalisha.

Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, serikali ilikubali mpango wa kufufua uchumi. Mwezi Juni dola ilipanda hadi shilingi 40, na kabla ya mwaka kwisha ikapita 50. Ndani ya miezi michache tu, shilingi ya Kenya ikawa na thamani ya shilingi tatu za Tanzania. Mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, mkubwa kuliko wa Kenya, na pengo likazidi. Mwaka 1990 lilifika nane kwa moja.

Shilingi ya Kenya nayo ilianguka mwaka 1993, baada ya wafadhili kusitisha misaada, uchaguzi wa 1992 kumwaga fedha nyingi na kashfa ya Goldenberg kuitafuna hazina. Pengo likasimama kwa muda. Mwaka 2000 lilikuwa kumi kwa moja, na 2015 kama ishirini. Mwanzoni mwa 2024, Kenya ilipokabiliwa na deni la dola bilioni 2 lililokuwa likikaribia kulipwa, shilingi yake ilianguka hadi kupita 160 kwa dola na kubadilishwa kwa 16 tu za Tanzania. Baada ya kupata mkopo mpya Februari, ilipanda tena ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo msomaji asiipime afya ya uchumi kwa ukubwa wa kiwango hiki cha kubadilishia fedha. Pengo hili ni malimbikizo ya miaka mingi, na hasara kubwa kuliko zote haikuletwa na kushushwa kwa shilingi mwaka 1986. Ililetwa na miaka saba ya kulichelewesha jambo hilo.