Mkuza Katikati ya Mikorosho

Baba mdogo aliisoma ile barua mara mbili, kisha akanipa mimi, eti mwandishi wa habari wa ukoo. Kampuni iliomba kupitisha mkuza kwenye shamba letu, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ipime mitetemo. Wanachimba vishimo, wanatia baruti kidogo, inalipuka chini kwa chini, na vipokezi vilivyochomekwa ardhini vinasikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye miamba. Ndivyo gesi inavyotafutwa.

"Kwani shamba si letu?" bibi akauliza.

Letu, na si letu. Mwaka 1923 Waingereza waliandika kwamba ardhi ya Tanganyika ni ya umma, isipokuwa ile iliyokuwa na wenyewe kisheria. Nyerere aliupinga umilikaji wa kudumu tangu 1958. Mwaka 1963 ukageuzwa kuwa upangaji kwa serikali. Hati yetu ni ya miaka 99, na pango tunalipa kila mwaka. Kilicho chini ya mizizi ndiyo hakimo kabisa: gesi ni ya taifa. Tungeweza kugoma kusaini tukawachelewesha, basi.

Bibi aliiona reli ya mpango wa karanga ikijengwa kwenda Nachingwea, akaiona iking'olewa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikalala zaidi ya miaka 20 kabla haijawasha taa hata moja. Halafu ile Mei ya 2013, watu walipoandamana kupinga bomba la kwenda Dar, jeshi likaingia mitaani; mimi nilikuwa chuoni, napiga simu nyumbani hazipokelewi.

Kwa hiyo nilitaka tukatae. Ila nakiri, mimi siishi kwa korosho. Baba mdogo ana watoto watatu shuleni na fidia ingelipa ada. Bibi akamkumbusha tu kuwa mkorosho ukikatwa leo, mpya unasubiriwa miaka kama mitatu, na ada ni kila mwaka.

Tulisaini, tukaongeza masharti mawili kwa mkono: mkuza uzunguke makaburi, na kazi isubiri mavuno yaishe.

Siku yenyewe bibi alikaa barazani. Mlio ulikuja mdogo, kama nazi imeanguka mbali.

"Ndiyo hiyo tu?"

Ndiyo hiyo tu. Walichokisikia huko chini, hadi leo hawajatuambia.