Euphorbia milii: namna ya kuipanda nyumbani na karatasi za kuvuka nazo mpaka

Kichaka hiki cha miiba chenye maua mekundu kimepandwa mbele ya nyumba, hoteli na ofisi nyingi za Afrika Mashariki. Wengi wanakiona kuwa ua la kawaida, na wenye vitalu wanakiuza kando ya barabara pamoja na maua mengine. Hata hivyo, mmea huu umo katika orodha ya CITES, yaani Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea iliyo Hatarini Kutoweka. Mfanyabiashara anayevuka mpaka na miche michache bila karatasi anaweza kunyang'anywa mzigo wake. Makala hii inaeleza namna ya kuotesha milii nyumbani, na kwa nini namna ulivyoiotesha ndiyo itakayokusaidia mpakani.

Asili yake

Milii ni mmea wa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Ni ndugu wa mnyaa unaopandwa kuwa uzio, na kama mnyaa, hutoa utomvu mweupe ukikatwa. Ulipelekwa Ufaransa mwaka 1821, na mwaka 1826 ukapewa jina la Milius, aliyekuwa gavana wa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Ukiachwa bila kukatwa, kichaka hufikia karibu mita 1.5 na zaidi. Miiba yake inaweza kufikia sentimita 3. Yapo maua mekundu, ya waridi, ya njano na meupe, na zipo aina za maua makubwa zilizozalishwa Thailand.

Kupanda kwa vipandikizi

1. Vaa glavu nene. Kwa kisu kikali, kata ncha ya tawi lenye afya, urefu wa sentimita 8 hadi 10.
2. Osha mahali palipokatwa kwa maji hadi utomvu ukome kutoka.
3. Weka kipandikizi kivulini siku 3 hadi 7, kidonda kikauke. Ukikipanda kikiwa kibichi, huoza.
4. Jaza kiriba au chungu chenye matundu kwa mchanga mwingi uliochanganywa na udongo kidogo. Changarawe ndogo pia inafaa.
5. Panda, nyunyiza maji kidogo, kisha subiri udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Mizizi hutoka baada ya wiki kadhaa.

Mche ukishashika, uweke kwenye jua. Kivulini hurefuka bila kutoa maua. Kiangazi hauusumbui sana, ila hupukutisha majani ukikosa maji kwa muda mrefu, kisha huchipua tena. Kinachoua milii nyingi za nyumbani ni maji mengi. Katika msimu wa mvua, inua vyungu juu ya matofali ili maji yasituame.

Tahadhari ya utomvu

Utomvu wake huwasha ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi na uende hospitali mara moja. Usiupande mahali watoto wadogo wanapochezea, wala mbuzi wanapopita.

Karatasi zinazohitajika

Karatasi ni za aina mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Ya kwanza ni ya afya ya mimea. Nchi unayopeleka mzigo hutoa kibali cha kuingiza mimea kabla mzigo haujaondoka, na nchi unayotoka hukagua miche na kutoa cheti cha afya ya mimea. Kwa Kenya mamlaka hiyo ni KEPHIS, na kwa Tanzania ni TPHPA.

Ya pili ni ya CITES. Jamii ya Euphorbia zinazohifadhi maji shinani, milii ikiwamo, zipo Kiambatisho II. Baadhi ya zile za Madagaska, kama Euphorbia francoisii na Euphorbia decaryi, zipo Kiambatisho I, na hizo zina masharti makali zaidi. Nchini Kenya karatasi za CITES hutolewa na KWS.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Aina za milii zilizozalishwa kwa ajili ya bustani huondolewa masharti ya CITES zikisafirishwa miche 100 au zaidi kwa mzigo mmoja, mradi ionekane wazi kuwa ilioteshwa na watu. Hivyo miche 120 ya aina hizo inaweza kupita bila kibali cha CITES, lakini miche 20 ya aina ile ile inakihitaji. Cheti cha afya ya mimea kinatakiwa kwa mizigo yote miwili.

Kwa mwenye mzigo mdogo, CITES inaruhusu cheti cha mimea iliyooteshwa badala ya kibali cha kawaida. Ili ukipate, lazima uweze kuonyesha kuwa miche imetoka kwenye mmea mama uliopatikana kihalali. Kwa hiyo tunza daftari: mmea mama ulinunua wapi na lini, vipandikizi ulikata tarehe gani, vingapi vilishika. Hifadhi na risiti. Kurasa mbili za daftari zina uzito kuliko maelezo marefu mbele ya afisa pale Horohoro au Namanga.

Kwa wasafirishaji

- Usimwagilie miche siku chache kabla ya safari. Milii kavu husafiri vizuri, iliyolowa huoza ndani ya boksi.
- Nchi nyingi huzuia udongo. Ng'oa miche, osha mizizi, ikaushe, kisha funga kila mche kwa gazeti. Milii huvumilia siku kadhaa bila udongo.
- Panga maboksi wima na usiyarundike. Tawi likivunjika, utomvu humwagikia mzigo mwingine na mikono ya wapakuaji.
- Hesabu ya miche kwenye gari ilingane na hesabu iliyo kwenye vyeti.

Masharti hubadilika, na orodha za CITES hupitiwa kila baada ya miaka michache. Kabla ya kufunga boksi la kwanza, uliza ofisi za nchi zote mbili.