Hukmu Ya Kuziba Na Kuficha Kasoro Za Mbao Katika Samani Za Kuuza



Je, seremala akiziba nyufa za mbao kisha akapaka vanishi, amefanya ghushi? Jibu linataka tutofautishe kutengeneza na kuficha.

Kutengeneza

Mbao haikosi kifundo, ufa mdogo au tundu la msumari. Kuziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, kupiga msasa na kupaka vanishi ni katika ufundi, na hakuna ubaya.

Kuficha

Uharamu unaingia pale kinachofunikwa kinapopunguza nguvu au thamani ya kitu, na mnunuzi lau angejua asingetoa bei ile. Mfano:

- Mguu wa kitanda ulioliwa na dumuzi, ukajazwa puti.
- Mbao mbichi iliyopakwa vanishi, ambayo ikikauka itapinda na kupasuka.
- Mbao hafifu iliyopakwa rangi ikauzwa kwa jina la mninga.

Puti ni ile ile na vanishi ni ile ile. Kinachotenganisha ni kumweleza mnunuzi.

Dalili

Katika Hadiyth ya Abuu Hurayrah (Radhwiya Allaahu 'anhu) iliyomo katika Swahiyh Muslim, Mtume alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji ndani. Mwenyewe alisema kimenyeshewa mvua. Mvua haikuwa kosa lake. Alilaumiwa kwa kutokiweka juu watu wakakiona. Vivyo hivyo fundi halaumiwi kwa dumuzi, bali kwa kunyamaza.

Haki ya mnunuzi

Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa, ana khiyari ya kurudisha na kupewa pesa zake. Asicheleweshe bila udhuru, wala asiendelee kukitumia. Ikizuka kasoro nyingine mikononi mwake, hawezi kumlazimisha muuzaji akipokee; hapo hutazamwa fidia ya upungufu. Na kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" hakimwokoi muuzaji aliyejua akaficha.

Nasaha

Fundi, sema kilichozibwa na ukiandike kwenye risiti. Mnunuzi, pindua kitanda utazame chini ambako vanishi haikufika, na uangalie kama kuna unga laini unaodondoka. Nyumba nyingi zinaanza maisha kwa kitanda na kabati la akiba ya miaka, tusiwadhulumu.

Na Allaah Anajua zaidi.