Moto wa bibi na nyumba ya bati (Joto, hewa na mwanga ndani ya nyumba, sehemu ya 2)

Wiki iliyopita niliposema msilale na jiko la mkaa chumbani, wengi mliniuliza kitu kimoja: "Nesi, mbona sisi tulilelewa kwa moto na hatukufa?" Hata mama yangu mzazi aliwahi kuniuliza hivyo hivyo, na siku ile nilimjibu vibaya, kinesi, kwa amri. Leo najibu kwa historia. Weka chai pembeni, ni ndefu.

Ilikuwa Julai, siku ya tatu tangu nijifungue mwanangu wa kwanza. Nilikuwa nyumbani kwa mama, Vwawa. Kule Kamsamba bondeni unaweza kulala na shuka moja, lakini Vwawa ya Julai mnaijua. Usiku mama akaingia na jiko, mkaa umewaka mwekundu, hakuna hata moshi. Akaliweka karibu na kitanda, akafunga dirisha, akakunja kanga akaziba chini ya mlango.

Nikasema, "Mama, hilo jiko litoke."

Akaniangalia. "Wewe umesoma, sawa. Lakini mimi nimewazaa saba kwa moto huu huu. Bibi yako alizaa tisa."

Jiko likatoka. Mama akanuna siku mbili. Na mimi nikabaki na swali lake kichwani, maana hakuwa anadanganya. Bibi kweli alilala na moto ndani maisha yake yote.

Sasa twende kwenye nyumba ya bibi. Kuta za miti na udongo, paa la nyasi, dari hakuna. Kati ya ukuta na paa kulikuwa na uwazi unaopitisha mkono. Mafiga matatu katikati, kuni zinawaka. Moshi unapanda, unatafuta njia kwenye nyasi na kwenye ule uwazi, na jioni ukisimama nje unaona paa zima linafuka. Fito zote nyeusi kwa masizi, na masizi hayo yalisaidia kufukuza wadudu wasile nyasi. Hewa mpya inaingia chini mlangoni, hewa chafu inatoka juu. Na nyasi nene zinashika joto, hivyo hata moto ukifa alfajiri nyumba haipoi haraka.

Yaani ile nyumba ilikuwa inapumua. Mafundi wanaosomea mambo ya joto, ubaridi, umeme na taa za majengo wanafundishwa kwamba huwezi kugusa kimoja bila kugusa kingine. Ukiongeza joto bila kufikiria hewa, umetengeneza tatizo jipya. Bibi hakusoma hayo, lakini alikuwa anaishi ndani ya jibu.

Msinielewe vibaya lakini, sisemi turudi huko. Moshi ule uliharibu macho na vifua, watoto waliungua kwenye mafiga, na mpaka leo moshi wa jikoni unatuletea watoto wenye nimonia. Halafu tukumbuke, wanaosema "hatukufa" ni wale waliobaki. Waliokufa hawana nafasi ya kutuandikia hapa.

Kisha nyumba ikabadilika. Bati hili la mikunjo lilisajiliwa London mwaka 1829 na injinia aitwaye Henry Robinson Palmer. Kwetu likaja na reli, misheni na boma. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji na kampeni za nyumba bora, bati likawa ndo alama ya mtu aliyeendelea. Na ni kitu kizuri, halivuji, haliungui ovyo. Ila ni jembamba mno. Mchana linaoka, usiku linapoteza joto lote angani, na chumba kinakuwa baridi kuliko kile cha bibi. Tukapiga dari. Tukajenga kwa tofali za kuchoma, tukaweka madirisha ya vioo, sasa hivi aluminiamu inayofunga kabisa. Kila hatua ilikuwa nzuri ukiitazama peke yake. Zikijumlishwa, tumeziba kila tundu ambalo bibi aliliacha wazi.

Na moto nao ukabadilika. Mijini kuni zikawa shida, tukahamia mkaa. Moshi wa kuni ulikuwa kero, unawasha macho, unakohoa, unatoka nje. Kumbe ulikuwa unakuamsha. Mkaa uliowaka vizuri hauna moshi, hivyo tunadhani ni salama. Lakini unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inashika himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Anasema ni malaria. Kwa mjamzito, gesi hiyo inamfikia na mtoto aliye tumboni.

Na hili si la maskini tu. Mwaka 1902, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Émile Zola, alilala nyumbani kwake Paris, chumba kimefungwa, moto unawaka, bomba la kutolea moshi limeziba. Asubuhi alikutwa amefariki. Mke wake alinusurika. Mtu tajiri, nyumba nzuri, fundi wa bomba yupo.

Kwa wenzangu manesi hili lisiwe geni. Florence Nightingale alichapisha kitabu chake cha uuguzi kati ya mwisho wa 1859 na mwanzo wa 1860, na sura ya kwanza kabisa haihusu dawa wala vidonda. Inahusu hewa na joto la chumba: hewa ya ndani iwe safi kama ya nje, bila mgonjwa kupigwa na baridi. Vyote viwili kwa pamoja! Ndo maana wodi za zamani ni ndefu, madirisha yanatazamana. Hospitali ya Ocean Road, ambayo Wajerumani waliifungua Dar es Salaam mwaka 1897, waliiweka ufukweni na kuizungushia baraza, upepo wa bahari ufanye kazi. Pwani shida yao ni kupoza, sisi huku juu ni kupasha, lakini hesabu ni ile ile.

Mtaniuliza, na umeme je? Zanzibar, Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, linajulikana kama jengo la kwanza visiwani kuwashwa taa za umeme. Bara umeme ulianza Dar es Salaam mwaka 1908, kwa karakana za reli na mitaa ya Wajerumani. Mwaka 1931 ukakabidhiwa kampuni mbili, DARESCO na TANESCO. Vijijini tulisubiri sana. REA ilianza kazi mwaka 2007. Tunduma kwa miaka mingi ilikuwa ikipata umeme wa kununua kutoka Zambia, wengi mliwasha taa bila kujua hilo.

Lakini angalieni umeme ulileta nini. Ulileta mwanga. Kibatari kikatoka, koroboi ikatoka, na hiyo pekee ni nusura kubwa. Mimi nimeshazalisha kwa tochi ya simu kituo fulani umeme ulipokatika, najua thamani ya balbu. Joto haukuleta. Nani kati yetu anaweka luku ya kuwasha hita usiku kucha? Kwa hiyo chumba kina balbu, kina feni ya msimu wa joto, na Julai jiko la mkaa linaingia pale pale. Taa ya karne hii, moto wa karne ile, na ile nyumba ya kupitisha moshi haipo tena.

Sasa kichanga apashwe joto kwa nini? Hapa historia inafurahisha. Mwaka 1880 hivi, daktari wa Paris, Stéphane Tarnier, aliona mashine ya kutotolea vifaranga, akaomba itengenezwe ya watoto njiti. Lilikuwa sanduku tu. Chini kuna maji ya moto, hewa inaingia chini, inapita kwenye maji inapata joto, inampitia mtoto, inatoka juu. Soma tena sentensi hiyo, halafu ikumbuke nyumba ya bibi. Hewa chini ndani, juu nje.

Karibu miaka 100 baadaye, 1978, Bogotá kule Kolombia, hospitali ilikuwa na watoto wengi kuliko mashine. Daktari Edgar Rey akaanza kuwaweka njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, ndo hii tunayoiita kangaruu. Watu walidhani ni tiba ya waliokosa mashine. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti wa hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu: watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza watulie, vifo vilipungua kwa robo. Wasimamizi walisimamisha utafiti kabla ya muda, maana isingekuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine.

Kwa hiyo Julai fanya hivi. Kama lazima upashe chumba, jiko liwake mlango na dirisha vikiwa wazi, na litoke nje kabla mtu yeyote hajalala, hata kama mkaa umebaki majivu mekundu. Mtoto kofia, soksi, kifuani, blanketi juu yenu wote. Wewe ukichoka, baba apokee, au bibi. Na mkiamka nyumba nzima vichwa vinauma, tokeni nje kwanza, kisha njooni kituoni mtuambie wazi kwamba jiko lilikuwa ndani. Msione aibu, tukijua mapema tunawahi kuwawekea oksijeni.

Mama yangu siku ya tatu ya kununa alinikuta nimesinzia nimekaa. Akamchukua mtoto, akafungua blauzi, akajifunika naye kanga mbili na blanketi. Nilipoamka wote wawili wanakoroma. Dirisha lilikuwa limefunguka kidogo, na si mimi niliyelifungua.

Sehemu ya 3 Jumatano, taa na macho ya kichanga. Swali la mama K. kuhusu manjano nimeliona, nitalijibu humo humo.