Data na Mbinu za Utafiti katika Saikolojia Tiba

Saikolojia tiba ni tawi la saikolojia linaloshughulikia uchunguzi na matibabu ya matatizo ya akili, hisia na mwenendo, na chimbuko lake kwa kawaida huhesabiwa tangu mwaka 1896, Lightner Witmer alipofungua kliniki katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Daktari wa malaria huthibitisha shaka yake kwa tone la damu chini ya hadubini, lakini sonona haina kipimo cha maabara. Kwa hiyo sehemu kubwa ya data za mwanasaikolojia ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, na mbinu nyingi za taaluma hii zimebuniwa ili kujua maneno hayo yategemewe kwa kiasi gani.

Data zinazokusanywa zaidi ni za hojaji. Hojaji iitwayo PHQ-9, ambayo ina tafsiri ya Kiswahili, humuuliza mtu ni mara ngapi katika wiki 2 zilizopita amesumbuliwa na mambo 9, yakiwemo uchovu, kukosa usingizi na kupoteza hamu ya kufanya shughuli. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27, na aliyepata 10 au zaidi kwa kawaida hupelekwa kwenye uchunguzi wa kina. Alama hizo pekee hazitoshi kusema mtu ni mgonjwa, kwa sababu mama aliyejifungua juzi naye huchoka na kukosa usingizi. Ndiyo maana hojaji hufuatwa na usaili wa mtaalamu, na pale inapowezekana huongezwa maelezo ya ndugu au mwalimu, uangalizi wa mwenendo, na vipimo vya mwili kama mapigo ya moyo.

Mbinu kongwe ni uchunguzi wa mgonjwa mmoja, kama ule wa Mary Cover Jones uliochapishwa mwaka 1924, ambapo mtoto Peter, aliyeogopa sungura, alizoeshwa kwa kusogezewa mnyama huyo kidogo kidogo wakati anakula. Uchunguzi wa aina hii huzaa mawazo mapya, lakini hauwezi kuonyesha kama mgonjwa angepona bila tiba. Mwaka 1952 Hans Eysenck alidai, kwa hoja ambazo bado zinabishaniwa, kwamba takriban theluthi mbili ya wenye matatizo ya wasiwasi na hisia (neurosis) hupata nafuu ndani ya miaka 2 hata wasipotibiwa kwa mazungumzo. Dai hilo lilizidisha umuhimu wa jaribio la nasibu, yaani utafiti ambao washiriki hugawanywa kwa bahati, wengine wapate tiba na wengine wawe kundi linganishi.

Mfano mzuri ni utafiti wa Paul Bolton na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Uganda. Kabla ya kupima chochote, watafiti waliwauliza wenyeji waeleze kwa Kiganda masumbuko yanayowapata watu, na ndipo walipokuta hali mbili, ya kujichukia na ya kujihurumia, zenye dalili zinazokaribiana na za sonona. Baadaye vijiji vizima, badala ya mtu mmoja mmoja, viligawanywa kwa nasibu, na waliopangiwa tiba ya mazungumzo walikutana kila wiki kwa dakika 90, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Mwanzoni asilimia 86 ya kundi la tiba na 94 ya kundi linganishi walitimiza vigezo vya sonona. Mwishoni walibaki asilimia 6.5 na 54.7. Tarakimu ya mwisho ndiyo yenye mafunzo zaidi, kwani bila kundi linganishi nafuu yote ingehesabiwa kuwa kazi ya tiba.

Hata jaribio zuri lina kasoro, kwa kuwa tiba ya mazungumzo haiwezi kufichwa kama kidonge bandia. Mgonjwa anajua anachopewa, na kinachowezekana ni kumficha mpimaji asijue nani yuko kundi lipi. Matokeo ya tafiti nyingi huunganishwa kwa uchambuzi-jumuishi, kama Mary Lee Smith na Gene Glass walivyofanya mwaka 1977 kwa tafiti 375, ingawa tafiti zisizoonyesha mafanikio mara nyingi hubaki kabatini bila kuchapishwa, na kwa sababu hiyo watafiti siku hizi hutakiwa kusajili majaribio yao kabla ya kuyaanza.