Garissa ni 7, lakini 7 ya nani?

Leo tuangalie majina ya aina za data, na mfano wetu unatoka Garissa.

Historia kwanza. Enzi za mkoloni eneo lile liliitwa Northern Frontier District, kwa kifupi NFD. Mwaka 1963 Garissa, Wajir na Mandera zikawa jimbo la Kaskazini Mashariki, na majimbo yalipofutwa likawa mkoa. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Aliyekuwa ameita aina yake ya data "mkoa" akabaki na jina lisilolingana na kilichomo.

Basi tuiite "namba_kaunti", yaishe? Hapana, ndugu msomaji. Jedwali la Kwanza la Katiba linafuata mpangilio wa mikoa ya zamani: Pwani inachukua 1 hadi 6, kisha Garissa 7, Wajir 8, Mandera 9. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3166-2 kinafuata alfabeti: Garissa ni 7 vilevile, lakini 8 ni Homa Bay na 9 ni Isiolo. Mandera iko 24, Wajir 46.

Umeuona mtego? Mtengeneza programu akijaribu kwa Garissa, kila kitu kinakwenda sawa. Siku rekodi za Wajir zikiingia na 8 ya Katiba, mfumo unaosoma kwa ISO utazipeleka ufukoni mwa Ziwa Victoria. Kompyuta haitalalamika, kwani 8 ni namba halali kote kuwili. Kama hiyo ni orodha ya chakula cha ukame, kuna watu watakaolala njaa.

Dawa ni kulifanya jina liseme orodha ni ya nani. Kwenye PostgreSQL, tengeneza aina mbili za ENUM: "kaunti_katiba" yenye '007', '008', '009', na "kaunti_iso" yenye 'KE-07', 'KE-46', 'KE-24'. Ukijaribu kulinganisha moja na nyingine moja kwa moja, hifadhidata inakataa. Kisha weka jedwali moja la kuzioanisha.

Utawala utabadilika tena siku moja. Jina linalotaja chanzo chake litabaki kweli hata hapo, kwa sababu Katiba ya 2010 ilisema ilichosema. Ukitaka usalama zaidi, ongeza mwaka: "kaunti_katiba_2010". Ni refu, lakini halimdanganyi mtu.