Watu Karibu Laki Mbili Dhidi ya Rapa Mmoja: Stori ya Cheti Kilichokataliwa

Kuna msemo unaopendwa sana kwenye umbea wa mastaa: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwaka 2010 huko Korea Kusini jambo moja lilisemwa na kundi la watu karibu 200,000, likasemwa kila siku kwa miezi, na kumbe halikuwepo kabisa. Aliyesemwa alikaribia kupoteza kila kitu.

Jamaa mwenyewe ni rapa wa Epik High, kundi la hip hop la Seoul lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2003. Wakati huo mambo yalikuwa yamemnyookea. Muziki unauza, yupo redioni, yupo kwenye TV, Oktoba 2009 kamuoa mwigizaji maarufu na Mei 2010 wamepata mtoto wa kike. Isitoshe, alikuwa msomi. Alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akachukua shahada ya kwanza na ya pili ndani ya miaka mitatu na nusu.

Hapo ndipo watu walipoanza kupiga hesabu. Digrii mbili kwa miaka mitatu na nusu? Haiwezekani, amedanganya! Mei 2010 likafunguliwa kundi kwenye mtandao wa Naver, ambao Korea ni mkubwa kuliko Google, na jina la kundi lenyewe lilikuwa dai: tunataka ukweli kutoka kwake. Hawakukusanyika kwa ajili ya muziki wala siasa. Walikusanyika kwa ajili ya mtu mmoja.

Ni rahisi kuwaita vichaa, lakini shaka yao ilikuwa na mizizi. Mwaka 2007 Korea ilitikiswa na skendo ya mwalimu wa chuo kikuu, msimamizi mashuhuri wa maonyesho ya sanaa, aliyekutwa na shahada feki ya udaktari ya Yale. Kibaya zaidi, chuo chake kilikuwa kimeuliza mapema, na Yale ikajibu kimakosa kwamba shahada hiyo ni halali. Baada ya hapo mastaa kadhaa wakaumbuka kwa vyeti vyao. Kwa hiyo Mkorea wa 2010 alikuwa ameshajifunza kwamba hata barua ya chuo kikubwa inaweza kuwa na makosa. Ongeza na hili: rapa alikuwa raia wa Kanada, hivyo hakwenda jeshi la lazima ambalo vijana wa kiume wa Korea hulitumikia takriban miaka miwili. Chuki ya hilo ilikuwepo tangu zamani, ikisubiri pa kutokea.

Mwenyewe akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: akatoa ushahidi. Alionyesha matokeo yake ya masomo. Wakasema yametengenezwa kwa kompyuta. Msajili wa Stanford akathibitisha kwa maandishi kuwa alisoma na kuhitimu. Wakasema msajili kadanganywa, wengine wakamwandikia msajili mwenyewe barua pepe kumhoji. Ikaja nadharia mpya: mhitimu yupo kweli, ila ni mtu mwingine mwenye jina kama lake, na rapa kamwibia utambulisho. Mhandisi mmoja Marekani, ambaye kosa lake lilikuwa kufanana jina tu, akaanza kupokea ujumbe wa watu asiowajua wakimtaka aeleze yeye ni nani.

Mwishoni rapa akasafiri hadi Stanford pamoja na kamera za televisheni ya MBC. Msajili akamchapia matokeo yake hapo hapo, kamera zikiona. Kipindi kikarushwa Oktoba 2010. Wakasema na kipindi chenyewe ni cha kupanga.

Ukiangalia mpangilio huo, unaelewa kundi lilivyofanya kazi. Kila ushahidi ulipotoka, wanachama walipata kazi mpya: kupima herufi za cheti, kulinganisha mihuri, kutafuta walimu wa zamani. Shaka ilikuwa ndiyo inayowaweka pamoja. Wakikubali jibu, hakuna tena sababu ya kukutana kesho. Na aliyethubutu kusema "jamani, huyu kasoma kweli" alionekana msaliti.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Familia ilipata vitisho. Yeye akaacha kutoka nje, muziki ukasimama, akaachana na kampuni iliyokuwa ikimsimamia. Mtoto wake alikuwa na miezi michache tu.

Mwezi huo huo wa Oktoba polisi wa Seoul wakatangaza matokeo ya uchunguzi: alihitimu Stanford, hakuna cha kughushi. Kundi la kwanza lilipofungwa, waliobaki wakafungua lingine.

Yupo anayesema dawa ya haya yote ni kumlazimisha kila mtu atumie jina lake halisi. Korea walikuwa nayo tayari! Tangu 2007 sheria iliagiza tovuti kubwa zihakiki utambulisho wa watu kabla hawajaandika. Kundi hili likazaliwa chini ya sheria hiyo hiyo. Mwanzilishi wake, Mmarekani mwenye asili ya Korea aliyekuwa mtu mzima kabisa, alijisajili kwa taarifa za mtu mwingine, na polisi walipomtafuta alikuwa ng'ambo. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria yenyewe kwa kubana uhuru wa kujieleza.

Kilichofanya kazi kidogo ni mahakama ya kawaida. Mwaka 2012 wanachama kadhaa walitiwa hatiani kwa kumchafulia jina, baadhi wakapewa miezi 10 jela na wengine vifungo vya nje. Ni wachache mno ukilinganisha na karibu laki mbili. Wengine wote walifunga kompyuta wakaendelea na maisha, bila hata kuomba radhi.

Rapa alirudi. Novemba 2011 alitoa albamu yake binafsi, na mwaka 2016 Epik High wakapanda jukwaa la Coachella, Marekani. Nyota yake haikuzimika. Lakini baba yake alifariki Machi 2012, miezi michache kabla ya hukumu ya kwanza kusomwa. Hakuishi kuona mahakama ikisema kwamba mwanawe hakudanganya.

Aliyeomba ushahidi akaletewa mara tano na bado anaomba, huyo hatafuti ukweli. Wadau, safari nyingine mtu akiandika "tunataka ukweli" kuhusu staa fulani, muulizeni kwanza: ukiletewa, utauamini?